Ufa wa Juu ya Kochi

Kinyozi hajinyoi, na fundi wa dari haangalii dari ya kwake. Mihayo alikuwa ameishi chini ya ile ya nyumbani kwake, pale Nyahanga mjini Kahama, bila kuinua macho tangu siku aliyoipigilia, na kama si uchovu uliomlaza chali kwenye kochi jioni moja ya mwezi wa tisa, pengine angeendelea hivyo mpaka imwangukie. Alikuwa ametoka Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, ambako alikuwa akifunga silingi bodi kwenye gesti ya mfanyabiashara mmoja mwenye maneno mengi. Shingo ilimuuma kwa kuangalia juu kutwa nzima, mabega yalikuwa mazito, na njia yote nyuma ya pikipiki alikuwa amekula vumbi la malori. Alivua viatu, akajitupa, akafumba macho. Alipoyafumbua, akauona ufa.

Haukuwa ufa wa kufanyia mzaha. Ulianzia karibu na ukuta uliotenganisha sebule na chumba cha nyuma, ukaja taratibu ukijipinda kuelekea katikati, ukapita juu ya kochi, halafu ukarudi tena kuelekea ukutani kama mkono wa kikombe. Mihayo aliutazama kwa muda mrefu bila kunyanyuka. Tuseme ukweli, alichohisi kwanza hakikuwa hofu. Alihisi kuonewa. Mtu anatoka kuhangaika na dari za watu, anarudi kwake apumzike, na huko nako dari inamsubiri.

Akamwita mkewe Apolonia, akamuuliza hiyo imeanza lini. Apolonia alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akaangalia juu kidogo tu, akasema ni joto, mwezi huu bati linawaka. Kisha akarudi jikoni haraka kuliko mtu anayewahi ugali usiungue. Hilo Mihayo aliliona, akaliacha lipite. Alikuwa amechoka mno kuanza jambo.

Kwa fundi mwingine kazi ingekuwa nyepesi. Angefungua mlango wa chumba cha nyuma, akaangalia dari ya upande ule, akapanda kwenye mfuniko wa kupandia darini ulioko humo pembeni, akatia kichwa juu, maneno yakaisha. Lakini chumba cha nyuma kilikuwa cha mama mkwe wake, na Mihayo ni Msukuma wa kulelewa. Kwao mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Ukikutana naye njiani unampisha, huli mbele yake, humwambii neno bila mtu wa katikati, na chumba anacholala hukikanyagi hata kikiungua moto. Siku hizi mjini wapo wanaokaa sebuleni na wakwe zao wakitazama tamthilia, na hatujasikia aliyekufa kwa ajili hiyo. Mihayo hakuwa mmoja wao. Mama mkwe hakuwa mmoja wao pia, tena yeye alizidi.

Hata hivyo walijikuta chini ya bati moja. Mvua za mwaka mmoja ziliibomoa nyumba ya mama kule kijijini, ukuta mmoja ukalala na wa pili ukaufuata, akaja mjini kwa muda. Kwa muda, ndivyo alivyosema mwenyewe, mpaka Enock, mwanawe wa kiume wa pekee aliyekuwa akichimba dhahabu Rwamgasa, apate mzigo wa maana amjengee. Mihayo akatoa chumba alichokuwa amekusudia kiwe stoo, akatoboa mlango wa kutokea nje ili mkwe aingie na kutoka bila kupishana naye ukumbini, na mwenyewe akajifunza kukohoa kabla ya kuzunguka nyuma ya nyumba. Salamu zilipelekwa na binti yao Blessing, na Blessing alipokwenda kusoma bweni zikapelekwa na Apolonia. Mvua nyingine zikaja zikapita. Simu za Enock, zilizokuwa za kila mwisho wa mwezi, zikawa za sikukuu, kisha hata sikukuu zikapita kimya. Mihayo aliwahi kumwona mara moja Rwamgasa alipopita huko kikazi, amekonda, amekaa kwenye kivuli cha turubai akisubiri shimo la mtu mwingine litoe. Aliyekuwa amekaa pale hakuwa mtu wa kujengea mtu nyumba. Lakini nyumbani kila mmoja aliendelea kusema "Enock akija," kama watu wanavyosema Mungu akipenda.

Kesho yake Mihayo hakwenda Kakola. Alitegemeza ngazi sebuleni akaanza kuipima nyumba yake kama nyumba ya mteja. Aliangusha timazi kwenye kuta, zikawa wima. Alizunguka msingi, akachungulia chini ya madirisha, hakukuta mpasuko. Bati halikuwa na tundu, na juu hapakuwa na doa hata moja la maji. Jirani yake Swaleh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara, aliona ngazi kupitia mlangoni akaja kusaidia kwa maneno. Kwa maoni yake mkosaji ni malori, kwa sababu yanapita usiku yakitikisa mji mzima, na yeye mwenyewe glasi zake zinagongana kabatini. Alimaliza kwa kumkumbusha fundi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo Mihayo ameambiwa na kila mteja aliyewahi kumwita, na bado hajapata hata mmoja anayemwambia ufa unazibwaje kama hujui unakotoka.

Ufa ulionyooka kwenye maungio ya bodi ni wa joto, au wa fundi aliyeharakisha. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye pembe ya dirisha ni wa msingi, na hapo udongo wa mbuga haukosi lawama. Unaojipinda ukazunguka una maana moja: juu kuna mzigo. Mihayo alijua hivyo hata kabla hajajua dari ni nini. Ujanani alikuwa mtu wa matimba kule Rwamgasa, yaani wale wanaoegemeza kuta za mashimo kwa magogo zisiwafukie wachimbaji, na kule jiwe la juu likianza kuchora duara hakuna anayeuliza swali. Mnatoka. Alivuta uzi kutoka pembe hadi pembe ya sebule, na katikati dari ikawa imeshuka chini ya uzi kwa upana wa vidole vitatu. Akachora alama ya penseli kwenye kila ncha ya ufa ili ajue kama unatembea, akashuka, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Mzigo huo ulikuwa umeanzia chumba cha nyuma, kwa sababu mfuniko wa kupandia ulikuwa kule na si kwingine.

Akamwomba mkewe aingie kwa mama yake aangalie dari ya upande ule. Apolonia alikaa huko muda mrefu, na sauti zao zilisikika chinichini kwa Kisukuma. Alipotoka alisema kuna ufa mmoja, mwembamba tu. Mihayo akamwekea sinia lenye unga uliokuwa mezani, akamwambia amchoree. Apolonia akachora kwa kidole mstari ulionyooka kama rula.

"Umenyooka hivyo?"

"Umenyooka."

Alisema hivyo akiangalia unga. Wamekaa kwenye ndoa muda wa kutosha, na Mihayo akajua kwamba anadanganywa, tena na mtu asiyependa kudanganya. Ugomvi unataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Alichukua sinia akalirudisha jikoni.

Asubuhi iliyofuata alikuta unga mwingine. Huu ulikuwa kwenye kitambaa cha kufumwa kilichofunika mgongo wa kochi, mstari mwembamba chini ya ufa kabisa. Aliupangusa bila kufikiri, maana jipsamu ya bodi ikipasuka lazima itoe vumbi. Baada ya chai akaukuta tena. Safari hii aliusugua kati ya vidole, na vidole vyake vimeshika jipsamu miaka mingi. Jipsamu ni laini na nyeupe. Vumbi hili lilikuwa na chembechembe, rangi yake ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Akatazama mlangoni kama mwizi, akaliweka kwenye ulimi.

Lilikuwa tamu.

Mihayo aliketi. Utamu ule alikuwa ameufahamu kabla ya kufahamu jina lake mwenyewe. Ni michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke kabisa, chakula ambacho Msukuma hujiwekea kwa ajili ya siku mbaya. Na hii ilikuwa michembe iliyokwisha kuingiwa na fukusi, ndio waliokuwa wakiitafuna juu huko na kumwagia unga wake kwenye kochi. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe hakusubiri kupewa, alikuja na la kwake. Aliazimwa kipande cha shamba na kanisa lake, akapanda viazi, na kila kiangazi Mihayo aliona vipande vyeupe vimetandazwa kwenye turubai nyuma ya nyumba. Aliambiwa magunia yanapelekwa kwa ndugu kijijini kwa basi. Aliamini, kwa sababu hakuwahi kuwapo nyumbani siku ya kufunga magunia, na kwa sababu ni rahisi kuamini ukiwa umechoka.

Hakupiga kelele. Alimwita mkewe, akamnyooshea kidole chenye vumbi. Apolonia alikitazama kile kidole, kisha akakaa sakafuni akiegemea ukuta, akasema yote. Ni yeye aliyekuwa akipandisha magunia, siku ambazo Mihayo yuko Kakola. Walianza juu ya chumba cha mama. Kule kulipojaa wakayasukuma kuvuka ukuta, mpaka juu ya sebule. Mama alisema nyumba za kwao tangu zamani chakula hukaa darini juu ya moshi, na dari ni dari. Kwamba hii ya mjini ni unga ulioshikwa na karatasi, hilo Apolonia alilijua, lakini mama alikuwa hajaulizia.

"Kwa nini asiseme tu?" Mihayo aliuliza. "Uwanja upo. Angewekewa kihenge cha chakula mwaka ule ule aliofika."

"Aseme nini, Baba Blessing? Mtu anapoweka kihenge ndipo kwake. Mayu, mama yangu, akiweka kihenge kwa mkwe, amekubali hana kwake. Amekubali Enock haji." Alivuta pumzi. "Na ameniapisha. Siku utakayojua, anaondoka."

"Aende wapi?"

"Kwenye zile kuta."

Wote wawili walizijua zile kuta. Hazikufika kiunoni, na mbuzi wa watu walikuwa wakilala ndani.

Basi hapo ndipo Mihayo alipokwama. Akifungua mdomo, mama wa watu anajitwisha mzigo wake na kwenda kulala kwenye magofu, mwanamke wa umri ule, mvua zikiwa zimekaribia. Akifunga mdomo, dari inashuka, na chini ya dari ile, upande wa pili wa ukuta, pana kitanda na anayelala hapo hasikii vizuri sikio moja. Alijaribu njia za pembeni. Alipeleka ujumbe kupitia mkewe kwamba fundi ana marekebisho, mama ahamishie kitanda chake chumba cha Blessing kwa muda. Majibu yakarudi kwamba mgeni hahamishi kitanda nyumba za watu, na joto likipungua ufa utajifunga. Aliwaza kumleta fundi mwenzake Bujiku aingie badala yake. Lakini Bujiku ana mdomo, jioni ile ile Nyahanga nzima ingejua kwamba mama mkwe wa fundi dari anaficha viazi juu ya fundi dari. Wakati huo ufa ulikuwa umeipita alama yake ya penseli pande zote mbili. Akachora nyingine. Ikapitwa.

Alichoka kufikiri, na alipochoka ndipo akaamua. Alikodi guta likamletea fito na miti, likamwaga mzigo uwanjani, mbele kabisa ya mlango wa chumba cha nyuma. Akakohoa, akakunja suruali, akaanza kusuka kihenge.

Hakuwahi kusuka kihenge maishani mwake. Aliwahi kumwona baba yake akisuka, nayo si sawa. Fito zilimchana mikono, duara likapinda upande mmoja, akafumua, akaanza upya. Swaleh alivuka barabara mahsusi kuja kumshangaa. Alisema watu mjini wanajenga fremu za kupangisha, fundi anajenga ghala la babu yake, na akauliza kama ng'ombe nao wako njiani. Mihayo akamjibu kwamba panya wa Nyahanga hawajaambiwa kuwa hapa ni mjini. Swaleh akacheka, akarudi dukani, na baadaye akamtumia kopo la dawa ya mchwa ya kupaka miguu ya kihenge, kwa sababu dhihaka ni dhihaka na ujirani ni ujirani.

Aliyemshinda ni Apolonia. Alikuja na ndoo ya maji ya kukandia udongo, akaiweka chini kwa nguvu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Unajua unachofanya? Unamwambia mama yangu kwamba Enock hatarudi."

"Sijasema neno."

"Kihenge kimesema."

Ilikuwa kweli. Mihayo alikuwa amefikiri anampa mkwe wake mahali pa kuweka chakula, na muda wote alijua, chini ya kufikiri huko, kwamba anamvua kitu. Kwa miaka mama yule alikuwa mgeni, na mgeni ana kwake anakotazamia kurudi. Nani alimtuma yeye kumwambia hapana? Alijiona mkatili. Lakini aliendelea kukandika udongo uliochanganywa na samadi, kwa sababu dari ya sebuleni ilikuwa imeshuka tena chini ya uzi, na mtu aliyevuliwa heshima unaweza kumwomba msamaha, aliyefukiwa humwombi.

Alikimaliza kikiwa kimeinama kidogo, kimekaa juu ya mawe, na paa la nyasi kama kofia, na mlango mdogo wa mraba ubavuni. Akaondoa vifaa vyake, akafagia. Mama alifungua mlango wake, akasimama kizingitini kwa kitambo, akakitazama. Kisha akafunga. Mchana sahani yake ilirudi kama ilivyopelekwa, mfuniko haujaguswa. Jioni hivyo hivyo. Siku ya pili tena hivyo. Apolonia hakuzungumza na mumewe ila kwa mambo ya chumvi na mkaa. Mihayo alizunguka ndani ya nyumba yake kama mtu aliyevunja kitu cha watu, huku akisikiliza juu. Alikwisha kuazimia kwamba ufa ukifikia dirisha atavunja mlango wa mkwe, atamtoa kwa mikono yake, na lawama ya ukoo wote imkute hapo.

Ufa haukumsubiri. Ilikuwa asubuhi, Apolonia amekwenda sokoni, na Mihayo alikuwa sebuleni akikusanya vifaa, maana yule wa Kakola alikuwa amepiga simu kwa ukali. Akasikia mguu. Haukuwa ukumbini wala uani. Ulikuwa juu ya kichwa chake.

Kisha kitu kizito kikaburutwa. Bodi zikalia, unga mtamu ukamwagika kama mvua ya kwanza, na ufa wote ukafunguka kwa mara moja, upana wa kidole. Mihayo akaelewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mama mkwe alikuwa anashusha magunia yake, peke yake, na ameanza na lile la mbali zaidi. La pili, alikuwa amesimama katikati ya bodi, mahali ambapo hapana ubao chini yake.

Nyuma ya mlango palikuwa na mrunda uliobaki kwenye kazi, mti mrefu wa kuegemezea zege. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyoufikia. Aliukamata, akaweka kipande cha ubao kwenye ncha, akausimamisha chini ya pale dari ilipotuna, akasukuma kwa bega kama alivyosukuma matimba ujanani. Dari ikatulia. Uzito ukashuka kupitia mti ukamwingia viganjani. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea. Miaka yote ile hakuwahi hata kumpa mama huyu mkono wa salamu, na sasa alikuwa amembeba.

"Mayu," alisema.

Neno lilimtoka lenyewe, bila mtu wa katikati. Juu mburuto ukakoma. Alijua yule mama amesikia, na alijua pia anaona aibu, hata pumzi ameibana. Mkwe wake yuko chini ya miguu yake, anamwita. Aibu ya kumtosha mtu kwa maisha yaliyobaki.

"Mayu, usikanyage bodi. Kanyaga mbao. Angalia misumari. Misumari ikifuatana, hapo chini yake pana ubao. Fuata hiyo mpaka kwenye mfuniko."

Unga uliendelea kudondoka kwenye nyusi zake. Alihisi umri wake wote ukimshukia mgongoni, na akawaza kwamba kama mama huyu atachagua kukaa pale kwa haya mpaka Apolonia arudi sokoni, basi watakufa wote wawili kwa adabu.

Kisha uzito ukahama. Mguu mmoja ukapapasa, ukapata ubao, ukatua. Wa pili ukaufuata. Mihayo alimwambia gunia aliache, lakini mburuto ukaanza tena nyuma ya nyayo, taratibu, kwa ukaidi, ubao kwa ubao, na hata ndani ya hofu ile karibu acheke. Nyayo zilivuka ukuta. Ngazi ikalia upande wa pili, kitu kikadondoka chini puu, halafu kitu kingine kikashuka polepole na kukanyaga sakafu.

Mihayo alibaki ameushika mrunda. Hakukuwa na cha kuegemeza tena, ila mikono ilikuwa haijaambiwa. Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya ukuta, nzito, ya mtu asiyezungumza na mtu yeyote. Ilikuwa inauambia ukuta.

"Enock akija, atanikuta hapa."

Mihayo alilia, tusimfiche. Alilia kwa uchovu, kwa hofu iliyochelewa kutoka, na kwa ajili ya mwanamume aliyekaa chini ya turubai kule Rwamgasa asiyejua kwamba asubuhi hii mama yake ameacha kumsubiri safarini na ameanza kumsubiri nyumbani.

"Na aliyejenga kile kihenge," sauti iliuambia ukuta, "mlango ameuweka juu mno. Mimi si twiga."

Mihayo aliuegemeza mrunda vizuri palepale, ushike mpaka atakapofumua dari. Akajifuta uso kwa shati, akatafuta msumeno kwenye mfuko wa vifaa. Simu ya Kakola iliita, akaiacha iite. Alizunguka nyuma ya nyumba, na alipofika konani akakohoa, akasimama kusubiri mkwe aingie ndani na kufunga mlango, kama ilivyo kawaida.

Mlango haukufungwa. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia uwanjani, kanga kichwani, amempa mgongo, anachambua michembe yenye fukusi na ile nzima. Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja, akauweka sawa na kifua chake, akaushikilia hapo ili fundi aone kimo.

Mihayo akapima kwa macho, akapiga msumeno hapo.